Pale Chakula na Pumzi Vinapokutana

Nilikuwa darasa la nne, likizo ya mwezi wa sita, tupo shamba kwa bibi huko Muheza, na binamu yangu ambaye tulikuwa rika moja akachimbua muhogo wa mpakani akaula mbichi. Mihogo ya mpakani kwa bibi ilikuwa ile michungu, ya kufanyia makopa tu, ilipandwa pale makusudi sababu nguruwe na ngedere wakionja wanaiacha wanaenda zao, na sisi watoto tulishaambiwa hiyo haiguswi mpaka ipite mikononi mwa bibi. Ila ile siku tulikuwa tumetoka kuokota kuni, saa nane mchana, njaa imebana, akasema mbona huu sio mchungu sana, akaumaliza. Mimi niliung'ata nikatema.

Haukupita muda kichwa kikaanza kumuuma, akatapika, halafu akaanza kuhema. Hicho ndo kitu sijawahi kukisahau. Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia kutoka Muheza mpaka Pongwe, na wakati huo kakaa chini ya mwembe, upepo unapita, mabega yanapanda na kushuka, midomo haijawa ya bluu wala nini. Bibi anampepea kwa ungo anamwambia vuta pumzi baba, vuta pumzi, na yeye anavuta, anavuta, na haimsaidii. Mjomba akampakia kwenye baiskeli mpaka zahanati. Alipona, leo ana watoto watatu, alhamdulillah. Ila swali lilibaki kwangu: hewa ilikuwepo, mapafu yanafanya kazi, chakula tumboni kipo, sasa alichokuwa anakikosa ni nini?

Miaka ikapita mingi. Mwaka juzi mama yangu akaanza kukonda, hapa hapa Chumbageni, Tanga, nyumbani, anakunywa maji usiku kucha, anaamka kwenda msalani mara nne mara tano, na kila nikienda ananiambia neno lile lile, "Mwanangu mimi nakula, tena nashiba, ila hiyo nguvu ya chakula siioni inakokwenda." Tulipompeleka kupima mashine ikasoma 21. Sukari. Nikakaa pale kwenye benchi nikawaza, kama sukari ndo nguvu, na damu ya mama imejaa sukari namna hii, kwanini hawezi kubeba ndoo ya maji kutoka bombani mpaka jikoni?

Mimi nafundisha bayolojia sekondari. Miaka 11 naandika ubaoni ile fomula, glukosi jumlisha oksijeni unapata kabonidayoksaidi na maji na nishati, wanafunzi wanaikariri, wanaijibu kwenye mtihani, wanapata maksi, tunahamia topiki nyingine. Na sikuwahi hata siku moja kuiunganisha na binamu yangu chini ya mwembe, wala na mama yangu jikoni. Nikaamua kuisoma upya, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Ndo ninachotaka kuandika leo, kwa sababu naona watu wengi tunadhani kula ni jambo moja na kupumua ni jambo lingine, chakula kinaenda tumboni hewa inaenda kifuani basi. Hapana. Vyote viwili vina miadi mahali pamoja, na mtu yuko hai kwa sababu hiyo miadi inatimia kila sekunde.

Tuanze na sahani. Kwetu Tanga bada ni chakula cha heshima, ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa wa nazi pembeni. Bada ni wanga karibu mtupu, na wanga ukiutazama kwa ndani ni minyororo mirefu ya glukosi zilizoshikana mikono. Mate yanaanza kuikata mdomoni, utumbo mwembamba unamalizia, glukosi moja moja inaingia kwenye damu inapitia ini kwanza. Ini linachukua kiasi linaweka akiba, gramu kama 100 hivi, na misuli inaweka yake kama gramu 400 kwa mtu mzima. Papa analeta protini, nazi inaleta mafuta. Mpaka hapa hakuna nguvu yoyote iliyopatikana, na hili ndo watu hatulijui, unaweza ukawa umeshiba mpaka umelegeza mkanda na seli zako bado hazijala kitu. Kuna safari bado.

Glukosi ikishaingia ndani ya seli inakatwa. Ina kaboni 6, inapitishwa hatua 10, inatoka vipande viwili vya kaboni 3 vinaitwa piruvati. Faida yake ni ATP 2 tu, hiyo ATP naieleza hapo chini, na hakuna oksijeni iliyotumika hapo. Chembe nyekundu za damu zinaishi kwa hiki kidogo peke yake, hazina mitokondria kabisa (vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, tutavifikia), yaani zenyewe ndo zinabeba oksijeni ya mwili mzima kuipeleka kwa wengine na hazionji hata kidogo. Nikifika hapa darasani siku hizi huwa nanyamaza kidogo, inanigusa.

ATP yenyewe ni nini? Wengi wanaambiwa ni nishati, wanaishia hapo. Mimi naielewa hivi: ni molekuli yenye mkia wa fosfeti 3, na hizo fosfeti hazipendani, zinasukumana, zimefungwa pamoja kwa nguvu. Ni kama manati iliyovutwa. Seli ikitaka kukunja msuli, kusukuma chumvi nje, kujenga protini, inaachia ile manati, fosfeti ya mwisho inakatika, kazi inafanyika, na manati iliyolegea inarudishwa kiwandani kuvutwa tena. Na hapa pana jambo la ajabu, mwili hauweki akiba ya ATP. Iliyopo kwenye msuli inatosha sekunde chache tu za kazi nzito. Kwa siku nzima ATP inayotengenezwa na kutumika na kutengenezwa tena, ukiipima yote inakaribia uzito wako mwenyewe. Una kilo 65, siku imeisha umezungusha karibu kilo 65 za ATP na wewe ulikuwa umekaa dukani unauza vocha.

Kwa hiyo kiwanda hakiwezi kusimama. Kiwanda ndo mitokondria.

Piruvati inaingia mle ndani, inapunguzwa kaboni moja, inakuwa kitu kinaitwa asetili-koA. Hapa ndo njia panda kubwa, sababu mafuta ya ile nazi nayo yakikatwakatwa yanafika hapa hapa kama asetili-koA, na protini ya papa ikihitajika kuchomwa nayo vipande vyake vinaingia humu humu. Ni kama Segera, utoke Arusha, utoke Dar, utoke Tanga mjini, utapita Segera. Halafu unafuata mzunguko ambao aliupanga Hans Krebs, Mjerumani wa asili ya Kiyahudi, Wanazi walimfukuza kazi mwaka 1933 akakimbilia Uingereza, na mwaka 1937 akiwa Sheffield akaupata. Aliandikia jarida la Nature wakamjibu kwamba barua walizonazo ni nyingi mno hawana nafasi, akapeleka jarida lingine, na mwaka 1953 akapata Tuzo ya Nobel. Kwenye mzunguko huo kaboni za bada zinamaliziwa kuvunjwa moja moja na kutoka kama kabonidayoksaidi. Hiyo hewa unayoitoa puani sasa hivi unavyosoma, kaboni yake ilikuwa sahani yako. Ndo maana mtu akipungua mwili, mafuta yake mengi yametokea puani. Kilo 10 za mafuta zikichomwa zote, kilo 8.4 zinatoka kama kabonidayoksaidi na 1.6 zinabaki kuwa maji.

Sasa oksijeni iko wapi? Tumefika mpaka hapa bado haijaguswa. Nilidhani miaka yote kwamba oksijeni ninayovuta inashikana na kaboni ya chakula inatoka kama kabonidayoksaidi, ndo inavyoonekana kwenye fomula kwa kweli, na sivyo. Oksijeni unayovuta inaishia kuwa maji. Chakula kinapovunjwa, elektroni zake zenye nguvu, chembe ndogo mno zenye chaji hasi, zinabebwa mpaka kwenye utando wa ndani wa mitokondria, pale kuna mitambo imejipanga, mtambo wa kwanza unampa wa pili, wa pili unampa wa tatu, kama tofali zinavyopita mikononi kwa watu saiti, na kila zikipita zinapoteza nguvu kidogo na ile nguvu inatumika kusukuma protoni, chembe za haidrojeni zenye chaji chanya, upande wa pili wa utando. Mwisho wa mstari yupo mpokeaji, ndo oksijeni. Anapokea elektroni zilizochoka, anachukua na protoni, anakuwa maji. Hiyo tu ndo kazi ya pumzi yako. Kusimama mwisho wa mstari na kupokea, ili mstari usikwame.

Na zile protoni zilizosukumwa? Mtu wa Tanga hahitaji mfano wa mbali. Ukitoka Segera kuja mjini unapita Hale, kuna bwawa kwenye mto Pangani, maji yamezuiwa juu, yanatafuta kushuka, njia pekee ni kupita kwenye mtambo, yakipita yanauzungusha, umeme unatoka, mtambo uliojengwa kutoa megawati 21, ukawashwa mwaka 1964. Mitokondria ndo hivyo hivyo. Protoni zimejazana upande mmoja wa utando, zinataka kurudi, njia pekee ni kupita kwenye kimtambo kidogo ambacho kinazunguka kweli, sio lugha ya picha, kinazunguka kama mtambo wa Hale, na kila mzunguko mmoja kwa binadamu ni protoni 8 zimepita na manati 3 zimevutwa. Mwingereza Peter Mitchell ndo alisema mwaka 1961 kwamba siri ni protoni, wakubwa wa fani wakamkatalia miaka mingi, akaugua akaacha chuo akakarabati jumba bovu kule Cornwall akaweka maabara yake humo, na mwaka 1978 akapewa Nobel peke yake. Jinsi mtambo wenyewe unavyofanya kazi walikuja kuieleza Paul Boyer na John Walker, tuzo yao ni ya 1997, na mwaka huo huo watafiti wa Japani wakaunasisha uzi mdogo unaong'aa juu ya ule mtambo wakauona kwa darubini ukizunguka. Nilipoisoma hiyo usiku nilitoka nje nikakaa barazani.

Glukosi moja ikipita njia yote hii unapata ATP kama 30 mpaka 32. Vitabu vya zamani vinasema 36 au 38, wanafunzi wangu bado wanavyo, siku hizi hesabu imeshuka. Linganisha na zile 2 za mwanzo bila oksijeni.

Haya turudi chini ya mwembe.

Muhogo una kitu kinaitwa linamarini, kimehifadhiwa kwenye kifuko ndani ya seli ya mmea, na enzaimu ya kukivunja imewekwa pembeni kwenye ukuta wa seli. Vimetenganishwa makusudi. Nguruwe akitafuna, ukuta unapasuka, viwili vinakutana, inatoka sumu kali inaitwa sayanaidi. Na sayanaidi inapoingia mwilini inakwenda moja kwa moja kwenye mtambo wa mwisho wa ule mstari, pale pale oksijeni inapokaa, inaziba. Yaani binamu yangu alikuwa na bada ya asubuhi tumboni, alikuwa na hewa ya Muheza safi kifuani, damu yake imejaa oksijeni na ndo maana midomo haikuwa ya bluu, ila kwenye seli mlango wa mwisho umefungwa. Elektroni zimekwama, protoni hazisukumwi, mtambo hauzunguki, manati hazivutwi. Mwili unadhani tatizo ni hewa unaamuru hema, hema zaidi. Na bibi anasema vuta pumzi baba. Nililia siku nilipoelewa hili, mtu mzima kabisa.

Halafu nikawaza mikono ya bibi. Makopa yetu yanavyofanywa: muhogo unamenywa, unapasuliwa, unaanikwa juani siku kadhaa, wengine wanauvundika kwanza, ndo unatwangwa unga. Kisamvu kinatwangwa kwenye kinu mpaka kilainike kabisa kabla hakijaona moto, na ukileta uvivu wa kutwanga unagombezwa. Kila hatua hapo ina sababu ya kikemia. Kutwanga na kuvundika kunakutanisha linamarini na enzaimu yake nje ya tumbo la mtu, sayanaidi inatoka mapema, na sayanaidi inachemka kwenye nyuzijoto kama 26 tu, yaani jua la kawaida la Tanga mchana linatosha kuipeperusha. Wazee wetu hawakuwa na neno mitokondria, ila walikuwa wanailinda. Mimi nina digrii na sikuwahi kumuuliza bibi kwanini anatwanga vile, na sasa hayupo wa kumuuliza.

Tena mwili una njia yake ya kuiondoa sayanaidi kidogo kidogo, unaifunga na salfa inayotoka kwenye protini. Kwa hiyo yule papa kwenye sahani ya bada anafanya kazi kubwa kuliko kitoweo. Mahali ambapo ukame umepiga, watu wanakula muhogo mchungu bila kuuandaa muda wa kutosha na hamna samaki hamna maharage, unatokea ugonjwa wa miguu kukakamaa ghafla na hairudi, unaitwa konzo, jina limetoka Kongo, na Tanzania uliwahi kutokea kule Tarime miaka ya 80 wakati wa ukame. Watoto na akina mama ndo waliumia zaidi. Sisi hapa Tanga tuna bahari, tuna dagaa, tushukuru na tusiwanyime watoto hicho kipande.

(Tena muhogo wenyewe una historia huku kwetu. Kule juu Amani, Usambara Mashariki, kuna kituo cha utafiti walichoanzisha Wajerumani 1902, na Waingereza walipochukua, miaka ya 1930 wakaanza kuuzalisha muhogo kwa kuuchanganya na ndugu yake mti wa mpira ili ustahimili ugonjwa wa batobato. Mbegu nyingi za muhogo Afrika zina damu ya Amani. Hili linahitaji siku yake.)

Mama yangu sasa. Kwake yeye mlango uliofungwa ni wa mbele kabisa, sio wa mwisho. Glukosi ikiwa kwenye damu haiingii tu kwenye msuli kama mtu anaingia sokoni, lazima kongosho litoe insulini, insulini ibishe hodi kwenye seli, ndo seli ipandishe milango kutoka ndani mpaka juu ya utando na sukari ipite. Kwa mama hodi inapigwa seli haiitiki vizuri, na kongosho nalo limechoka kubisha. Sukari inabaki barabarani. Ini nalo haliisikii insulini vizuri, linazidi kumwaga sukari nyingine. Ikizidi kama 10 kwenye mashine figo zinashindwa kuizuia inatoka na mkojo na inavuta maji, ndo ile kiu na kuamka usiku. Na mwili ukiona hamna glukosi ndani unaanza kuchoma mafuta na misuli, ndo kukonda. Kumbe aliposema nakula ila nguvu siioni inakokwenda alikuwa amesema sahihi kuliko mimi mwalimu. Nguvu ilikuwa imesimama mlangoni.

Nilimweleza hivyo hivyo, kwa mfano wa mlango, akakaa kimya akauliza, "Sasa hiyo milango hakuna namna nyingine ya kuifungua?"

Ipo. Kwanza dawa, hizo anameza na haziachwi. Ila kuna njia ya pili na nilivyoisoma nilifurahi sana: msuli ukifanya kazi, ukikunja na kukunjua, unapandisha ile milango wenyewe bila kusubiri hodi ya insulini. Msuli unaotembea una njaa ya kweli, ATP inaisha, unaita sukari wenyewe. Tena kwa mtu wa sukari ya aina ya pili hii njia kwa kawaida bado iko wazi hata ile ya insulini ikiwa imeziba. Na ukiendelea wiki baada ya wiki, misuli inaongeza mitokondria, yaani viwanda vinaongezeka, na hata hodi ya insulini inaanza kusikika vizuri zaidi.

Mjomba, yule wa baiskeli, zamani alikuwa anazamia pweza huko Mwambani bila chupa ya gesi, pumzi moja tu. Ukimuuliza anakwambia ukishazama usipapase, usiwe na haraka, kila unachofanya chini kinakula pumzi. Nilikuwa naona ni maneno ya wavuvi. Ni hesabu kamili ile, kila manati inayoachiwa inadai elektroni ipokelewe, na wapokeaji ni wale tu uliozama nao. Yeye ndo alinisaidia kumshawishi mama, alimwambia, "Dada, mimi nilikuwa nabana pumzi, wewe pumzi unayo bwerere, itumie."

Basi tunatembea. Mama hakutaka kuacha bada, nami sikumlazimisha, amepunguza tonge ameongeza kisamvu na samaki, na chakula cha jioni hachelewi kukila kama zamani. Baada ya magharibi anavaa raba zake, anajitanda mtandio, tunashika barabara ya kuelekea Raskazone. Siku za mwanzo tulikuwa tunafika nusu anakaa kwenye kuta za nyumba za watu anapumzika, anahema, na mimi nikimsikia anahema nilikuwa nashtuka, narudi chini ya mwembe kila mara. Sasa hivi nasikiliza ile sauti tofauti. Najua inakwenda wapi ile pumzi, inashuka mpaka kwenye mapaja yake, mpaka ndani kabisa, na huko safari hii kuna sukari inaipokea.

Jana tulifika mpaka kwenye upepo wa bahari, akasimama akatazama taa za meli bandarini, akaniuliza kama binamu yangu anajua haya mambo ya muhogo. Nikamwambia bado sijamweleza. Akasema mpigie umwambie, asije akadhani bibi alikuwa anampepea bure. Tuliporudi nyumbani tukasubiri masaa mawili yatimie tangu ale, akanyoosha kidole mwenyewe, mashine ikasoma 8.4, akachukua daftari lake akaandika tarehe.